Ripoti ikisema uvimbe wa ubongo "umekua" baada ya mionzi, tafuteni kwanza picha za zamani

Msomaji wa Masasi ameniandikia: MRI ya mama yake, iliyopigwa wiki 6 baada ya kumaliza mionzi Dar, inasema uvimbe wa ubongo umeongezeka. Ndugu wanataka tiba isimamishwe. Jamani, msiamue kwa ripoti moja!

Kama ni glioma kali (saratani inayoanzia kwenye ubongo wenyewe), wiki 12 za mwanzo baada ya mionzi zina utata kuliko wakati mwingine wowote. Mionzi, hasa ikienda pamoja na temozolomidi (dawa ya saratani), hudhoofisha kuta za mishipa midogo ya damu. Dawa ya gadoliniamu anayochomwa mgonjwa ili picha ionyeshe vizuri huvuja hapo, na eneo lililotibiwa likang'aa kama uvimbe unaokua. Kwa vigezo vya RANO vya 2010 (mwongozo wa kimataifa wa kupima uvimbe wa ubongo), katika wiki hizo hatusemi ugonjwa umeendelea mpaka mng'ao mpya uonekane nje ya eneo lililopigwa mionzi, au kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kithibitishe maabara. Mgonjwa akiwa na hali nzuri, picha hurudiwa baada ya wiki chache.

Kinachotukwamisha huku kusini ni kulinganisha. Mgonjwa anashuka basi Mtwara au Lindi na karatasi tu, picha zimebaki Dar. Karatasi haipimiki! Ombeni CD: picha za kabla ya upasuaji, za siku moja au mbili baada yake, na za baada ya mionzi.

Tunapima hivi: urefu mkubwa kabisa wa sehemu inayong'aa, mara upana unaoukata kwa pembemraba. Milimita 30 kwa 20 ni 600. Ikiongezeka asilimia 25 juu ya kipimo kidogo kuliko vyote vilivyotangulia, inahesabika imekua. Hiyo ni 750, yaani 30 kwa 25. Milimita 5 tu! Kichwa kikilazwa tofauti, au vipande vya picha vikiwa vinene, hizo 5 zinapatikana uvimbe ukiwa vilevile. Na shimo la upasuaji halipimwi.

Halafu deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo. Inapunguza uvujaji, kwa hiyo mng'ao hufifia. Dozi ikishushwa, unarudi. Daktari, andika kwenye fomu ya MRI dozi ya leo na ya wakati wa picha iliyopita. Bila hiyo msomaji wa picha anabahatisha.

Mama asiache deksamethasoni ghafla. Akianza kutapika, kupata degedege au kusinzia kupita kawaida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, tarehe ya picha isisubiriwe.