Usimwulize kama anatumia dawa

Ijumaa iliyopita nilimnyang'anya kijana wetu mmoja hapa kliniki ya ngozi brashi mkononi. Asidi ya kuchubua uso ilikuwa tayari kwenye kibakuli, mteja amelala, nywele zimefungwa, feni inazunguka. Nikauliza tu kwa mazoea, sherehe lini? "Kesho, dada." Kesho! Kijana amenuna mpaka leo. Na anune, ila asome hapa, na ninyi mlioanza naye msome, maana kila kundi jipya linakuja na makosa yaleyale kana kwamba mmeachiana urithi.

1. Usimwulize mteja kama anatumia dawa. Mwulize anapaka nini.

Hili nimelilipia. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi, kliniki nyingine kabisa. Akaja mama wa miaka hamsini na kitu, mpole, kanga yake imekunjwa vizuri kwenye mkoba. Alikuwa ameshaonana na daktari wa upasuaji wa kuvuta uso, akasikia habari ya kukatwa mbele ya masikio, akasikia na bei, akakimbia. "Mwanangu, mimi nisikatwe. Nipunguzie tu haya makunyanzi na mabaka, binti yangu ana kicheni pati." Siku zilizobaki: kumi.

Mimi nilikuwa nimetoka mafunzoni, kichwa kimejaa. Nikashika fomu. Unatumia dawa yoyote? Hapana. Una mzio? Hapana. Tiki, tiki. Kipimo kidogo nyuma ya sikio sikufanya, kwa sababu kingenilazimu nimrudishe nyumbani. Uso ambao haujawahi kuguswa na asidi ya glaikoliki unaanzia asilimia 20 au 30, mnajua. Mimi nikachukua 50. Nilikuwa nahesabu siku za sherehe, wala si dakika za asidi.

Nikapaka, nikasimama kusubiri wekundu, kama picha za kitabuni. Wekundu haukuja. Dakika ya pili akasema, "Kunawasha, mwanangu." Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Vumilia mama, ndiyo kazi yake."

Sentensi hiyo bado naisikia nikiwa naosha vyombo.

Karibu dakika ya tatu nikaona vidoa juu ya mfupa wa shavu, vyeupe vya kijivu, kama mtu amenyunyiza unga. Kwa glaikoliki huo si mwanzo wa kazi nzuri, hiyo ni ngozi inayoachia. Nikamwagia bikaboneti ya kuzima asidi, povu likatoka, na yeye akanishika mkono kwa kucha bila kupiga kelele. Alijua kuna watu wanasubiri nje, hakutaka kuniaibisha. Jioni uso ulikuwa umevimba. Siku ya nne maganda ya kahawia. Siku ya kumi, siku yenyewe ya shughuli, maganda yamedondoka na chini yake weusi, wenye umbo. Ningeweza kukuonyesha pale brashi yangu ilipoanzia na pale ilipogeukia.

Alipokuja kuangaliwa nikauliza tena, safari hii kwa woga: mama, hivi usoni unapaka nini? Akafungua mkoba. Tyubu ya tretinoini, ametumiwa na mdogo wake aliyeko Muscat. Na kikopo kisicho na lebo cha Kariakoo, krimu ya manjano inayonuka kama dawa ya meno. Miaka minne, asubuhi na usiku.

"Mama, si nilikuuliza dawa?"

"Hii si dawa, mwanangu. Hii ni ya kupaka."

Na alikuwa sahihi! Dawa inamezwa, au inachomwa kwa sindano. Ya kupaka ni ya kupaka. Mjinga pale alikuwa mmoja, naye alikuwa amevaa koti jeupe. Tretinoini inapunguza ganda la juu la ngozi, kwa hiyo asidi inazama haraka. Kikopo kama kile mara nyingi kina haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi na steroidi, na steroidi ya miaka inaiacha ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilikuwa nimemchubua mtu aliyekwisha kujichubua.

Ulichukua miezi minane weusi ule kufifia, kwa krimu ya kukinga jua na subira yake yeye, si yangu. Picha za kicheni pati alinionyesha mwenyewe kwenye simu. Katika zote amesimama nyuma ya keki.

Kwa hiyo: tretinoini isimame wiki nzima kabla. Wa mkorogo hapewi asidi mpaka ngozi itulie, hata ikiwa miezi. Na kabla ya harusi hatujaribu kitu kipya, tunamsafisha uso, tunampa maji anywe, aende.

2. Ngozi yetu haitoi taarifa kwa wekundu. Ikikasirika inanyamaza, halafu wiki ya pili inajibu kwa weusi. Gusa joto kwa mgongo wa mkono, mwulize mteja maumivu kwa namba, tafuta ukijivu. Kwa leza ni hivyohivyo: mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064 unapita chini bila kugombana sana na melanini, yaani rangi ya ngozi, wimbi fupi zaidi ya hapo uwe na sababu.

3. Botox, sindano ya kulegeza misuli ya makunyanzi: uniti 100 kwa mililita 2.5 za maji ya chumvi, kila mililita 0.1 ni uniti 4, andika kwenye kichupa mwenyewe. Juu ya nyusi kaa sentimita moja kutoka kwenye mfupa wa jicho, na usimwongezee mtu kabla ya siku 14 hata akilia.

4. Fila, ile jeli ya kujaza uso, hatuichomi kama kwenye friji hakuna hayaluronidesi, dawa ya kuiyeyusha. Bonyeza ngozi, achia, hesabu damu inarudi kwa sekunde ngapi. Pua na katikati ya nyusi waachieni wakubwa, mtu anaweza kupofuka pale.

5. Nyuzi za kuvuta ngozi juu. Jamani, nyuzi hazibebi shavu lililokwisha shuka hadi shingoni. Zinayeyuka ndani ya miezi kadhaa, zinavuta kidogo, basi. Mwaka jana alikuja mzee wa miaka 68, mjane, anataka kuoa, akanivutia ngozi ya kidevu kama mtu anayepima kitambaa: "Hii ipandishwe." Nikamwambia ukweli, mzee wangu, hii ni ya kisu, na kwa nyuzi nitakula hela yako bure. Akafikiri. Akaniuliza hina ya ndevu nzuri inauzwa wapi. Ameoa.

6. Piga picha kabla, dirisha lilelile, bila taa ya mduara. Watu husahau nyuso zao.

Nilikuwa na ya saba lakini mteja wangu amefika.

Kijana aliyenuna, hii ni kwako. Jana nilikuwa nyuma ya pazia nahesabu sindano nikakusikia: "Dada, usoni unapaka nini? Asubuhi? Na usiku?" Kimya. Kisha nikasikia zipu ya mkoba.