Maswali na majibu: Mgeni wa saa mbili hafundishi afya

Barua kuhusu elimu ya afya na usalama shuleni zimerundikana, na kama kawaida nyingi zinauliza yale yale. Nimechagua zenye faida kwa wengi, pamoja na moja mbili ambazo sikuweza kuziacha zipite.

Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari. Tunaandaa siku ya kupambana na dawa za kulevya. Tumemwalika ofisa wa polisi na kijana aliyewahi kutumia, wazungumze kwa muda wa saa mbili ili wanafunzi waogope kabisa. Tuongeze nini?

Msiongeze kitu, punguzeni. Na mkianza kupunguza, anzeni na hilo neno "waogope". Hofu imeshajaribiwa, tena kwa fedha nyingi. Mwaka 1983 mjini Los Angeles, Marekani, ulianzishwa mpango uitwao D.A.R.E., ambapo polisi wenye sare waliingia madarasani kuwaeleza watoto ubaya wa dawa. Ukaenea nchi nzima. Watafiti walipowalinganisha waliopitia mpango ule na ambao hawakuupitia, hawakuona tofauti ya maana katika utumiaji, na baadaye wenye mpango wakalazimika kubadili mtaala. Kulikuwa na mwingine wa kuwapeleka vijana magerezani ili wafungwa wawatishe. Huo ndio ulioharibu kabisa, maana waliopelekwa walivunja sheria zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa.

Kijana wa miaka 14 anajua dawa zina madhara. Asilolijua ni afanye nini rafiki yake wa karibu anapomnyooshea mkono huku wengine wanamtazama. Hapo hotuba ya mwezi uliopita haimsaidii. Kinachomsaidia ni kuwa alishawahi kukataa kwa sauti yake mwenyewe, darasani, mbele ya wenzake. Nimemwona mwalimu akiwagawa wanafunzi wawili wawili, mmoja ashawishi na mwenzake akatae, kwa sharti kwamba anayekataa asitoe mahubiri. Mwanzo ni vicheko tu. Kisha mvulana mmoja akasema, "Nina mechi kesho," akageuka akaenda zake. Mwalimu akamwambia: umeona, hukudaiwa maelezo. Zoezi la dakika chache, nalo hurudiwa kila muhula.

Jambo la mwisho hamkuliuliza. Vijana wengi hudhani wenzao karibu wote wanatumia, kumbe wasiotumia ndio wengi. Siku kubwa yenye mabango na king'ora cha polisi inawathibitishia dhana hiyo potofu.

Je, kitakasa mikono kinatosha badala ya sabuni na maji?

Hapana. Tumeshasema, na tutasema tena: kitakasa chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 ni cha pale maji yanapokosekana, hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu unaoonekana, na kuna virusi vya kuharisha visivyotishika nacho. Sabuni, maji, sekunde 20.

Binti yangu ana miaka saba. Mwalimu amemfundisha majina halisi ya sehemu zake za siri. Huku si kumharibu mtoto?

Mama, kinachomharibu mtoto ni mtu anayemgusa, na mtu huyo anapenda sana watoto wasio na maneno. Mtoto aliyefundishwa majina ya utani anaweza kusimulia jambo zito hadharani na watu wazima wote wakadhani anaongelea mchezo. Majina halisi humpa ushahidi wake.

Wazazi wengi huwatahadharisha watoto na "mtu usiyemjua". Mwambieni hivyo, lakini msiishie hapo, kwa kuwa wengi wanaowadhuru watoto ni watu wanaofahamika nyumbani: jamaa, jirani, mlezi, mwalimu. Katika jambo hili zimwi likujualo ndilo la kuogopwa. Kwa hiyo mfundishe binti yako mambo mawili zaidi. Kwanza, mtu mzima hana haki ya kumpa siri ya kumficha mama. Pili, akimwambia mtu mzima mmoja asisikilizwe, amwambie wa pili na wa tatu.

Kuhusu hofu kwamba elimu hii huwachochea watoto kuanza ngono mapema, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, na wenzake walipotoa mwongozo wao wa elimu ya jinsia uliorekebishwa mwaka 2018 walipitia tafiti nyingi na hawakuona hivyo. Walichokuta ni kwamba elimu iliyopangwa kulingana na umri haiharakishi kitu, na mara nyingine huchelewesha.

Ila nina neno kwa shule. Mmefundisha watoto waseme, sawa. Je, wakisema? Kama mwalimu anayeambiwa hajui ampelekee nani taarifa siku hiyo hiyo, mmemfungulia mtoto mlango wa chumba kitupu. Na mwalimu asimwahidi mtoto kwamba hatamwambia yeyote. Amwambie ukweli: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia."

Mwanafunzi akianguka kifafa tumtie kijiko mdomoni asiung'ate au kuumeza ulimi?

Jamani! Hapana, wala kijiko, wala kitambaa, wala kidole. Hakuna aliyewahi kuumeza ulimi wake, lakini meno yamevunjwa mengi. Ondoeni vitu vigumu karibu naye, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimkandamize, mlazeni ubavu mara inapowezekana, na mtu mmoja atazame saa. Degedege likipita dakika 5, ni dharura ya hospitali. Wafundisheni hili wanafunzi wote, maana watakaokuwepo wakati anaanguka ni wao.

Shule yetu hufanya zoezi la kujiokoa mara moja kwa mwaka. Tunatangaza siku na saa, watoto wanatoka wanacheka, tunapiga picha. Mkaguzi ameridhika. Kuna ubaya gani?

Mkaguzi ameridhika na picha. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa liliipiga Japani na kufuatiwa na tsunami. Katika mji wa Kamaishi, wanafunzi wa shule moja ya sekondari hawakungoja kuambiwa. Walikimbilia mlimani kama walivyozoea katika mazoezi, na wa shule ya msingi jirani wakawafuata. Walipofika mahali palipopangwa wakaona hapatoshi, wakapanda juu zaidi, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Watoto wapatao 570 wakasalimika.

Siku hiyo hiyo, katika shule ya msingi ya Okawa mjini Ishinomaki, walimu na watoto walikaa uwanjani karibu dakika 50 watu wazima wakijadiliana pa kwenda, na kilima kipo nyuma ya shule. Walikufa watoto 74 na walimu 10. Wazazi walishtaki, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Sendai ikasema kosa lilianza kabla ya tetemeko, kwa shule na mamlaka kutokuwa na mpango wa dharura unaofaa. Yaani karatasi ilikuwapo, lakini haikusema wazi watoto waende wapi.

Sasa rudini kwenye zoezi lenu. Lifanyeni mara kadhaa kwa mwaka, mara nyingine saa ya mapumziko, siku mwalimu mkuu hayupo. Zuieni mlango mmoja muone kama wanajua wa pili. Mahali pa kukusanyikia mwite majina kutoka daftari la mahudhurio, na mumfiche mtoto mmoja kwa makubaliano naye muone ni dakika ngapi zitapita kabla hajaulizwa. Hakuna haja ya moshi wa bandia wala mayowe. Watoto hawahitaji kutishwa ili wajifunze kutembea haraka.

Mwenye bweni na asome hapa mara mbili. Mlango uliofungwa kwa kufuli kutoka nje usiku, na madirisha yenye nondo zisizofunguka, huo ni mtego. Msiniambie mnazuia watoro. Tafuteni njia nyingine ya kuzuia watoro, leo.

Naomba unitumie masomo yote ya afya kabla ya Ijumaa, tunakaguliwa.

Hapana.

Mimi ni mwalimu mlezi. Msichana mmoja amejitenga, hali chakula, ameanza kugawa vitu vyake. Naogopa kumuuliza kama anafikiria kujiua nisije nikampa wazo.

Muulize leo. Kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo, na wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu. Tumia maneno yenyewe, usizungukezunguke. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na akabidhiwe kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyo. Kazi yako ni kuona, kuuliza na kumfikisha. Tiba si yako, na anayekwambia semina ya siku moja imekufanya mnasihi amekudanganya.

Walimu wanatuambia tukiwa na matatizo tuwaambie. Nilimwambia mmoja, kesho yake ofisi nzima ya walimu ilikuwa inajua. (Mwanafunzi, miaka 15)

Mwanangu, hukukosea kusema. Tafuta mtu mzima mwingine, hata nje ya shule. Nanyi walimu, hilo limewafundisha wanafunzi wenu wote jambo moja ambalo hakuna kipindi cha stadi za maisha kitakachoweza kulifuta.

Tumewafundisha wasichana kuhusu hedhi na tumegawa taulo za kike, bado wanakosa masomo. Tatizo ni nini?

Nenda chooni, mwalimu. Sukuma mlango. Kama hauna komeo na msichana lazima amwombe mwenzake auzuie kwa mguu kutoka nje, umeshapata jibu. Angalia kama kuna maji ndani na kitu chenye mfuniko cha kutupia taulo. Mwaka 2000 mjini Dakar mashirika makubwa, yakiwamo UNESCO, UNICEF, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Benki ya Dunia, yalikubaliana kuhusu afya shuleni yakataja nguzo nne: sera, maji safi na vyoo, elimu ya stadi, na huduma za afya. Shule nyingi zimechukua nguzo moja tu, ile inayohitaji chaki.

Mwanafunzi mtukutu namnyima kipindi cha michezo, au namzungusha uwanja mara kumi. Ipi inafaa?

Hakuna. WHO inataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Wewe adhabu yako ya kwanza inamnyima, ya pili inamfundisha kuchukia kukimbia. Mpe kazi ya kurekebisha alichoharibu, kisha mwache akacheze.