Meza Inayonata

Juzi dada mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Fundi, nilipaka meza mafuta ya kitani (linseed), wiki ya tatu hii bado inanata. Nimekosea wapi?" Nikaikumbuka meza yangu mwenyewe.

Ilikuwa ya mvule, futi 6 kwa 3, oda ya mama mmoja wa Milimani hapa Kisumu. Karakana yangu karibu na soko la Kibuye ilikuwa mpya, nami nilitaka watu wajue fundi amefika. Nikanunua mafuta hayo hayo ya kitani, mabichi, yaani yasiyochemshwa, nikayamwaga, nikayaacha yasimame juu ya ubao nikiamini kwamba mengi ndiyo kinga. Baada ya wiki mbili vumbi lilikuwa limeganda juu yake, na pembeni alama za vidole vya mtoto, vyote vitano. Mama akairudisha kwa mkokoteni, mafundi wenzangu wakitazama. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuamini, kijana wangu." Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Dada, mafuta haya hayakauki kama maji. Hukauka kwa kunywa oksijeni ya hewani, na yakipakwa mazito hushika ngozi juu, chini yakabaki majimaji. Paka kidogo, ngoja dakika 15 au 20, halafu futa yote ambayo ubao haukunywa. Futa hata kama unaona unapoteza mafuta. Yale ya kuchemshwa, yenye dawa ya kukausha, huchukua kama siku moja. Mabichi ni siku nyingi, hata wiki. Hiyo meza yako isugue kwa tapentaini, piga msasa, anza upya. Na ufute.

Matambara ya kufutia nayo yaogope. Mafuta yanapokunywa hewa hutoa joto. Jioni moja nilisikia harufu ya kuungua, nikafunua debe nilimoyarundika: katikati yalikuwa yamegeuka kahawia na hayashikiki, wala hapakuwa na kiberiti karibu. Hatua mbili tu kutoka pale palikuwa na rundo la maranda. Vijana wa karakana, nawasihi, msiende nyumbani mkaacha matambara yamekunjwa. Yatandazeni nje moja moja au yatieni ndani ya maji. Mnalala na watoto nyuma ya hizo karakana!

Mwezi uliopita nimemaliza mlango kwa rangi niliyoitengeneza mwenyewe. Ni udongo mwekundu, ule ambao wekundu wake ni kutu ya chuma, kwa hiyo jua haliufifishi. Niliuanika, nikautwanga, nikauchekecha kwa kipande cha leso, kisha nikausaga na mafuta juu ya kioo mpaka kidole kisihisi chembe. Nilipaka mara tatu, nyembamba, kila mara nikingoja ikauke kabisa.

Mlango huo umesimama pale karakana, unapigwa na jua la alasiri. Ukifika Kisumu, dada, pita uuguse.