Shangazi, nampa mteja chenji mara mbili

Mwanangu wa Likoni, barua yako nimeisoma yote. Wasema una miaka 48, ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, wameza tangu 2009 hujaruka, kliniki wakakwambia virusi havionekani kwa damu, lakini siku hizi wakanda mahamri hujui kama hiliki ushatia, chenji watoa mara mbili, na juzi umevuka feri ukafika ng'ambo hujui umefuata nini. Jirani kakwambia ni jini. Haya, jini tumuweke kando kwanza.

Huku kusahau kupo, na wengi wanaoishi na virusi inawapata hata wakimeza dawa sawasawa, kwa sababu virusi huingia kwa ubongo mapema sana na hata vikishalazwa kwa damu, huko kichwani hubaki kama jivu lenye makaa chini. Mara nyingi ni kidogo, si wazimu. Lakini usijipe jibu mwenyewe ukakaa nalo, presha, sukari, kupungukiwa damu, dipresheni, zote zasahaulisha, kwa hivyo waambie wakupime. Na uwaulize kuhusu dawa yenyewe: efavirenz ya zamani iliwavuruga wengi kichwa na ndoto za ajabu, hii dolutegravir nayo wengine yawanyima usingizi, pengine watakwambia uimeze asubuhi. Kuiacha mwenyewe, hapana!

Sasa kilichonikera mimi ni pale uliposema walala saa tano, waamka saa tisa kukanda, halafu muguka, yale majani ya kutafuna, juu yake usisinzie. Mwanangu, kichwa gani kitakumbuka? Yale ya gavana wa Mombasa kupiga muguka marufuku 2024 waachie mahakama, mimi nataka ulale tu, huyo binti yako akande siku tatu kwa wiki, si ala mahamri yeye pia?

Na feri si wavuka kila siku, basi ukishuka pitia bustani ya Mama Ngina pale baharini utembee nusu saa, mwendo wa kuweza kuongea lakini kuimba ukashindwa, siku tano kwa wiki yatosha, mwili ukienda na damu ya kichwani yaenda.

Hiliki usiikumbuke kwa nguvu. Pima kila kitu kwa vikombe kabla hujaanza, kikombe kikiwa kitupu ushatia, basi. Noti ya mteja iweke juu ya meza mpaka umpe chenji ndo uitie mkobani. Alamu ya dawa kwa simu, kikopo cha siku saba, na daftari lifunge kwa uzi hapo hapo kwa meza maana ukiliweka chumbani utalisahau nalo.

Chama chenu cha kuchangiana pesa umeacha kwa aibu, nimeona. Rudi. Porojo na hesabu za chama ni mazoezi ya ubongo, na hali yako si lazima uwaambie.

Halafu yule mteja anayepokea chenji mara mbili akanyamaza, huyo jina lake liandike daftarini ukurasa wa kwanza.