Maswali ya wasomaji: Daniel au Johnny, nani mbabe?

SWALI: Kijiweni kwetu kuna ubishi usioisha kuhusu fainali ya mashindano kwenye filamu ya The Karate Kid ya mwaka 1984. Mimi nasema Daniel LaRusso alimpiga Johnny Lawrence kihalali. Wenzangu wanasema lile teke la usoni lilikuwa haramu, na wakirudiana Johnny anamla mapema. Tusaidieni.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwenye uhalali, wenzako wamekosea. Kabla Daniel hajaanza kupigana, Ali, mpenzi wake, anamweleza sheria za mashindano yale: pigo lolote juu ya kiuno ni pointi, kichwa kikiwemo. Anayefikisha pointi 3 ndiye mshindi. Daniel aliposimama kwa mguu mmoja ubao ulikuwa 2-2. Teke likafika, refa akatoa pointi, ikawa 3-2. Ushindi safi. Aliyeonywa na refa ni Johnny, kwa kulipiga kiwiko goti ambalo tayari lilikuwa bovu. Na ubovu wenyewe ulitoka kwa Bobby, mwenzake wa Cobra Kai, klabu ya karate ya kina Johnny, aliyeruka na kulipiga goti hilo kwenye nusu fainali akaondolewa mashindanoni.

Hoja ya wenzako ingesimama kama pambano lingechezwa kwa sheria za WKF, shirikisho la karate la dunia. Huko ngumi ni yuko, pointi 1. Teke la mwilini ni waza-ari, pointi 2. Teke la kichwani ni ippon, pointi 3, lakini sharti lidhibitiwe: liguse tu, lisiumize. Ukimzimisha mwenzako, anayepoteza ni wewe. Lilitokea Tokyo tarehe 7 Agosti 2021, kwenye fainali ya Olimpiki ya wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4-1, akamtandika Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa. Ganjzadeh akatolewa kwa machela, na dhahabu ikawa yake. Johnny yeye aliinuka mwenyewe, tena akamkabidhi Daniel kombe kwa mkono wake, kwa hiyo Daniel huenda angepona na adhabu ndogo. Lakini hizo si sheria walizochezea.

Wakirudiana je? Inategemea refa anasimamisha pambano kila pigo likifika, au hasimamishi. Kwa karate ya pointi, huku Daniel ana magoti mawili mazima, tunampa Daniel. Alipata pointi 3 dhidi ya bingwa mtetezi huku anachechemea, na kinga alizofundishwa na mwalimu wake, Miyagi, kwa kupaka na kufuta nta kwenye magari zinafaa hasa kwa pigo moja moja: unaziba, unajibu, refa anasema simama. Johnny ana kasoro moja kubwa, nayo ni kuingia moja kwa moja bila kudanganya kwanza.

Refa asiposimamisha, Johnny anashinda, na hatuoni mjadala hapo. Daniel alifundishwa baada ya Halloween tu, mashindano yakafanyika Desemba. Hata miezi miwili haikutimia. Ameziba ngumi ya kwanza, sawa. Ya pili na ya tatu zinakuja kabla hajarudisha mkono, na baada ya hapo mtama. Usihesabu kwamba Daniel ndiye steringi; hesabu mapigo yanayofuatana.

SWALI: Lile teke la korongo, alilomalizia Daniel, linafanya kazi kweli, au ni la picha tu? Linapigwaje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Linafanya kazi, ila mikono iliyotandazwa kama mabawa haina kazi yoyote zaidi ya kuacha mbavu wazi. Teke lenyewe ni la mbele la kuruka. Simamia mguu mmoja, goti lake likunjwe kidogo, na goti la pili liinue hadi usawa wa kiuno. Ruka huku unalishusha kwa nguvu goti lililo juu; papo hapo mguu uliokuwa umeusimamia ndio unaopanda kupiga. Vuta vidole nyuma, upige kwa nyama ya wayo iliyo chini ya vidole, ukilenga kidevu.

Wengi wanaharibu kwa kuegemea nyuma wakati wa kuruka. Teke linafika halina uzito, na wao wanaangukia makalio. Wengine wanaruka mpinzani akiwa amesimama tuli. Hili ni teke la kumpokea mtu anayekuja, kama Johnny alivyokuja. Mpinzani mwenye akili hubaki hatua moja nje ya urefu wa mguu wako, akasubiri uchoke, au akakupiga mtama kwenye mguu uliousimamia. Anza bila kuruka, kubadilisha magoti mara 10 kila upande, kisha padi usawa wa kifua, halafu ndipo kidevu. Mwenye goti bovu asijaribu kabisa, kwa sababu mguu ulioinuliwa kwanza ndio kwa kawaida unaotangulia kutua na kubeba uzito wote.

Ukitaka ushahidi, tazama Lyoto Machida alivyomzimisha Randy Couture mjini Toronto, kwenye UFC 129, pambano la mapigano mchanganyiko, tarehe 30 Aprili 2011. Hakutandaza mikono wala kusimama kama ndege. Alidanganya kwa mguu mmoja, wa pili ukamkuta Couture usoni.

SWALI: Miyagi na Cobra Kai wanatumia mitindo ipi?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Karate ya Miyagi imetokana na Goju-ryu ya Okinawa, na jina lake ni la mwanzilishi wa mtindo huo, Chojun Miyagi (1888–1953). Aliyepanga mapigano ya picha ni Pat E. Johnson, mtu wa Tang Soo Do ya Korea, ndiyo maana Cobra Kai wanarusha mateke ya juu namna ile. Mtazame vizuri kwenye fainali: refa ni yeye.