Mkono wa huyu, shingo ya yule

Mhariri, wiki hii mmechapisha picha iliyotengenezwa na msanii Wangechi Mutu: mwanamke aliyeungwa kwa vipande vya majarida ya mitindo, juu ya ukurasa wa kitabu cha zamani cha tiba wenye mchoro wa uvimbe wa mfuko wa uzazi. Mkauliza kama tungeitundika sebuleni. Nilitaka niseme hapana, nigeuze ukurasa. Mdomo wa mtu huyu, jicho la mtu yule, ngozi ina madoadoa kama ndizi iliyolala. Binti wa Nairobi kabisa, nikajisemea, amekosa mwanamke mzima wa kumchora?

Ndipo nikakumbuka daftari la shangazi.

Shangazi alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga. Alikuwa na kauntabuku nene, kila jarida likimpitia mkononi anakata mishono na kuibandika kwa uji wa ngano. Wateja hawakuchagua gauni zima hata siku moja. "Nitolee mkono wa huyu, shingo ya yule, kiuno kiwe kama cha huyu hapa." Mimi, darasa la sita, kazi yangu ilikuwa kushika pini.

Mwaka 1998 alikuja dada mmoja kushona gauni la sendofu, satini nyeupe. Alipomaliza kuchagua mikono na shingo, akaweka kidole kwenye uso wa yule mwanamitindo. "Na siku hiyo nitakuwa hivi." Shangazi akadhani anasema nywele.

Aliporudi kujaribisha, uso ulikuwa umeiva, mwekundu, lakini vifundo vya vidole vyeusi vilevile. Wasichana wa barazani wakaanza: uso Fanta, miguu Coca. Nilicheka na mimi, siwezi kukataa. Shangazi alipopandisha zipu, dada akavuta pumzi kwa meno. Gauni lilipovuliwa, begani kwa ndani satini ilikuwa na alama ya majimaji, na kipande cha ngozi chembamba kama ganda la kitunguu kimenasa kwenye mshono.

"Mwanangu, unajipaka nini?"

"Mkorogo tu, mama. Wote wanapaka."

Zebaki na haidrokwinoni, ndivyo vilivyozoeleka kwenye mikorogo ile ya kujichubua, huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na vinauzwa bado, kwa kunong'onezana. Siku ile hakuna aliyeyasema hayo. Shangazi aliingia ndani, akatoka na khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika kama kitambaa cha mtoto, akaikata, akaishona ndani ya gauni pale begani. Kwa mkono, si kwa cherehani. Alichukua jioni nzima na hakuongeza bei.

Sendofu ilifana. Dada akaleta picha, amewaka kwa mwanga wa kamera, kweli ametoka. Shangazi akaibandika kwenye kauntabuku. Haikupita muda wateja wakaanza kuigusa: "Nishonee kama huyu." Mmoja akauliza, "Halafu huyu anapaka nini?" Shangazi akafunga daftari, akamwambia njoo kesho.

Kwa hiyo naona nimemwonea Wangechi. Aliyemkatakata mwanamke si yeye. Yeye ameunga vipande vilevile tulivyokuwa tukiviagiza sisi wenyewe kwa kidole, akakataa tu kuficha maungio. Na ule ukurasa wa tiba uliokuwa ukinikera ndio bega la ndani ya gauni.

Hata hivyo msinisukume sana. Kazi zake ninazozipenda ni wale wanawake wanne wa shaba aliowaketisha mwaka 2019 mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwenye vishubaka vilivyokaa vitupu tangu 1902. Wamekaa kwa utulivu wao, wana mabamba ya duara yanayong'aa, na hakuna anayewachagulia shingo. Hao ningewaweka sebuleni, kama sebule ingetosha na kama mume wangu angenyamaza.

Hii ya kwenu, sebuleni hapana. Wageni wanakula pale. Ila cherehani ya shangazi ninayo mimi siku hizi, na ukutani juu yake kuna msumari mtupu. Ningeitundika hapo, mradi nitafute khanga ya kuifunika bibi harusi akija kupimwa. Au pengine nisiifunike. Itategemea ni bibi harusi gani.