Maji ya gari-nyumba yananuka yai viza: acha chujio kwanza, tazama hita na mabomba

Mkuu, umesema umebadilisha chujio mara mbili na maji bado yananuka yai viza, na unataka kujua kama yanafaa kunywa. Kwa sasa usiyanywe. Na hela ya chujio la tatu iweke mfukoni, maana tatizo lako halipo hapo.

Chujio la kaboni hurekebisha ladha na kunyonya klorini, basi. Haliui kitu kilichojishikiza kwenye kuta za tangi na ndani ya mabomba. Wengi hulifunga kwenye mpira wa kujazia, na mimi sikubaliani nao hata kidogo: klorini iliyokuja na maji ya bomba la mji inaondolewa mlangoni, halafu maji yanakaa tangini siku nyingi bila ulinzi wowote. Kwenye mpira weka chujio la mchanga na kutu tu, la mikroni 5 (kipimo cha udogo wa matundu yake) linatosha. La kaboni liweke mwisho, kwenye bomba la kunywea.

Sasa harufu. Fungulia maji ya baridi peke yake, kinga kwenye glasi, nusa. Kisha ya moto peke yake. Ikinuka ya moto tu, mchawi ni hita. Hita nyingi za tangi la chuma zina fimbo ya anodi inayoliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Fimbo ikiwa ya magnesi, maji yakiwa na salfati (chumvi yenye salfa) na yakalala, kuna bakteria wanaotengeneza gesi hiyo inayonuka. Zima hita, acha ipoe kabisa, toa presha kwa kufungulia bomba la moto, ndipo uchomoe fimbo na kumwaga maji yote pamoja na ule uchafu mweupe wa chini. Usiguse koki ya chini hita ikiwa ya moto, maji yale yanababua.

Zikinuka zote mbili, mfumo mzima unahitaji klorini. Hata ikiwa ni hita peke yake, ningefanya hivyo hivyo. Tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi wala uzito wa jeli, na isiwe chupa iliyosahaulika kabatini mwaka mzima, maana nguvu hupungua. Hesabu ni rahisi: dawa ya asilimia 5, mililita 1 kwa kila lita ya maji, inakupa takriban miligramu 50 za klorini kwa lita. Tangi la lita 100 ni mililita 100. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, usiimimine tangini bila kuichanganya. Na siki isikaribie kabisa siku hiyo, zikikutana zinatoa gesi ya sumu.

Toa machujio yote kabla ya kuanza. Jaza tangi, washa pampu, kisha pita bomba moja moja: jikoni, bafuni, chooni, na lile la kuogea la nje ambalo kila mtu hulisahau. Baridi kwanza, halafu moto, mpaka unuse klorini kila mahali. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu watu hutibu tangi na kuacha mita kadhaa za bomba zikiwa na utelezi uleule. Ongeza maji tangi lifurike hadi juu, acha saa 4 au zaidi. Mimi huacha usiku kucha, lakini siachi siku kadhaa, maana klorini nzito hula zile pete za mpira za kwenye viungio (washa) na vyuma. Hita ibaki imezimwa muda wote. Ya umeme ukiiwasha ikiwa tupu unaunguza koili.

Mwaga, jaza maji safi, suuza mabomba yote, rudia mpaka harufu ya klorini iwe hafifu kama ya maji ya kawaida ya bomba. Ndipo urudishe machujio, mapya. Rudia zoezi zima kila miezi sita, na kila gari linapotoka kwenye maegesho marefu. Ukiegesha, mwaga tangi.

Mpira wa kujazia maji ya kunywa uwe wake peke yake, miisho ifungwe kwa kofia, na usilale droo moja na ule wa kusuuzia tangi la choo.

Kuhusu kunywa: yote haya yanasafisha mfumo, hayatibu chanzo. Ukijaza kwenye kisima usichokijua, chemsha maji mpaka yatokote dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2000. Hiyo inaua vijidudu, ila nitrati (chumvi inayoingia majini kutoka kwenye mbolea na kinyesi) haiondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo kama kuna mtoto mchanga mpe maji yaliyopimwa. Ukimaliza kusuuza, nusa tena upande wa moto baada ya siku mbili tatu. Harufu ikirudi, badilisha fimbo uweke ya alumini na zinki, ila kwanza hakikisha hita yako ni ya aina inayotumia fimbo.